Samaki Aliyejifanya Amekufa na Mtoto Aliyesingiziwa

Usiku wa kuamkia Idi walikuwa 11. Tuliwahesabu sote nyumbani, tena mara mbili, mifuko yao ya plastiki ikiwa bado inaelea juu ya maji ili joto la mifukoni lilingane na la tangini. Saba walikuwa wa manjano, wanne wa buluu wenye milia, na hapakuwa na aliyeuzidi urefu wa kidole cha mtoto. Wa 12 hatukumhesabu kwa sababu hakuwa mgeni. Alikuja pamoja na tangi lenyewe, tulipolinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Makambako. Alikuwa na urefu wa kiganja cha mtu mzima, rangi yake ya fedha, na juu ya rangi hiyo mabaka makubwa ya kahawia yasiyo na mpangilio, mithili ya nguo iliyomwagikiwa chai. Watoto walimwita Mzee. Kwa miezi miwili aliishi peke yake, akila chembechembe zake asubuhi na jioni, wala hatukupata kumwona akiwa na haraka ya jambo lolote.

Nayasimulia haya, ndugu msomaji, kwa kuwa najua familia zinazoweka tangi la kioo sebuleni zinaongezeka, na aghalabu huwekwa kwa ajili ya watoto, kama nilivyofanya mimi. Sikudhani kwamba chombo cha kuburudisha watoto kingeweza kunitia katika dhambi kwa mtoto.

Siku ya nne baada ya Idi walikuwa 10. Tulitazama sakafuni, kwani samaki huruka. Tukatazama nyuma ya kabati. Tukainua jiwe moja moja. Hapakuwa na mzoga wala mwiba. Kifuniko cha kioo kilikuwa mahali pake. Juma la pili walikuwa wanane, kisha saba. Paka wa jirani alishukiwa kwa siku mbili, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, maana paka hainui kioo kizito kisha akakirudisha taratibu kama mtu aliyefundwa adabu. Hapo macho ya nyumba yakaanza kumtafuta binadamu.

Mpwa wangu ana miaka 10. Baba yake amekwisha kufariki, na mama yake, ambaye ni dada yangu, anaishi Njombe mjini. Tulikubaliana mtoto akae kwetu Makambako kwa muda, asome hapa na kuhudhuria madrasa pamoja na wanangu, hadi dada yangu atakapojipanga upya kimaisha. Katika nyumba yetu hakuna aliyewapenda samaki kumshinda yeye. Aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri akaketi mbele ya kioo. Wale wa manjano, ambao kwangu mimi walikuwa mtu na pacha wake, yeye aliwatambua mmoja mmoja. Tena ndiye aliyewahi kuniuliza kama samaki anaweza kuishi ndani ya chupa. Aliponiuliza, lilikuwa swali la mtoto. Samaki wanne walipokwisha kutoweka, swali lile likageuka ushahidi.

Nilimwita mbele ya wenziwe.

"Umewapeleka wapi?"

"Mjomba, wallahi sijawagusa."

Nikamwambia asilitaje jina la Mwenyezi Mungu juu ya uongo. Nilisema hivyo kwa sauti ambayo mke wangu aliisikia kutoka jikoni. Mtoto hakulia. Alinyamaza siku mbili, wala hakukisogelea tena kioo. Siku ya tatu akaniambia kwa adabu iliyonichoma kuliko utovu wa adabu: "Mjomba, naomba nirudi kwa mama."

Alhamisi ya juma hilo umeme ulikatika usiku. Wanaoijua Makambako wanajua baridi yake na upepo wake. Hita ya tangi ikizimika saa tano tu, maji hupoa. Umeme ulirudi karibu na Alfajiri. Nilipotoka kutia udhu nikapitia sebuleni kukitazama kipimajoto, na taa ya tangi ilikuwa imewaka. Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Mabaka yake yalikuwa yamekolea kupita kawaida, na mwili wake ulionekana kama kitu kilichoanza kuoza. Hakutikisika. Nikasema moyoni kuwa baridi imemuua, nikaenda kuchukua wavu mdogo wa kumtolea.

Niliporudi nikamkuta mmoja wa wale wa manjano amemkaribia. Alidonoa mchanga kando yake, akasogea, akadonoa tena karibu na kichwa. Sikuona kinywa kikifunguka. Niliona tu kwamba wa manjano hayupo, na kwamba mfu amesimama wima, anaogelea kwa utulivu ule ule tuliouzoea kwa miezi miwili.

Nilisimama pale na wavu mkononi hadi adhana ilipoanza.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 12, anawataka waumini wajiepushe na dhana kwa wingi, na anaeleza kuwa zimo dhana ambazo ni dhambi. Aya hiyo nimeisikia mimbarini mara nyingi, na mara nyingi nimeitikia kwa kichwa huku nikimfikiria mtu mwingine. Na katika Suratu Dhuha, aya ya 9, Mtume (s.a.w.), ambaye mwenyewe alilelewa yatima, anaamrishwa asimwonee yatima. Asubuhi ile zote mbili zilikuwa zangu. Na kwa kuwa nilimtuhumu mtoto mbele ya wenziwe, sikuona njia ya kumwomba radhi kwa siri chumbani. Wakati wa chai, wote wakiwa wamekaa mkekani, nilieleza nilichokiona, nikasema kuwa nilimdhulumu, nikamwomba anisamehe. Alinitazama kwa muda. Kisha akauliza swali moja tu.

"Sasa Mzee utamfanyaje, Mjomba?"

Kabla ya kujibu nilitaka kwanza kumjua Mzee ni nani. Katika elimu ya samaki anaitwa Nimbochromis livingstonii, na kwao si mbali nasi kama nilivyodhani. Asili yake ni Ziwa Nyasa, ziwa lile lile linalopiga mawimbi kwenye fukwe za Wilaya ya Ludewa, ndani ya mkoa wetu huu wa Njombe, chini ya milima ya Livingstone. Upande wa Malawi wavuvi humwita kaligono, yaani mlalaji. Ni wa ukoo mmoja na perege na sato tunaowala. Mwaka 1981 mtafiti Kenneth McKaye alichapisha maelezo ya mambo aliyoyashuhudia ziwani humo: samaki huyu hujilaza ubavu chini ya maji, rangi yake ya mabaka ikimfanya afanane na mzoga, na samaki wadogo wanaozoea kudonoa mizoga humjia wenyewe. Yale niliyoyaona sebuleni yalikwisha kuandikwa kitabuni kabla mpwa wangu hajazaliwa, na mimi mwenyewe nikiwa mtoto.

Ziwa Nyasa lina kina cha takriban meta 700 na wataalamu hukadiria kuwa lina aina zaidi ya 800 za samaki, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Sisi wa nyanda za juu tunalijua zaidi kwa mbasa, magege na dagaa, vitu vya mezani. Lakini katika nchi za mbali, watu wasioweza kuionesha Ludewa kwenye ramani wanafuga mbuna majumbani mwao, samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi kwenye mawe ya ziwa hilo. Wale 11 wetu walikuwa mbuna. Wengi katika kundi hilo hula mwani unaoota juu ya mawe pamoja na viumbe vidogo vilivyomo ndani yake. Basi sikuwa nimewaweka pamoja samaki waliokutana kwa bahati mbaya. Niliwakutanisha mwindaji na mawindo yake ya asili, nikawafunika kwa kioo, nikawaita mapambo.

Liko jambo jingine kuhusu Mzee lililonishangaza kuliko ule ulaghai wa kujifanya maiti. Jike la aina yake, kama majike ya mbuna, hubeba mayai kinywani mwake. Hayatemi yakianguliwa; huendelea kuwahifadhi watoto mle mle mdomoni, na kwa majuma hayo yapatayo matatu hula kidogo sana au hali kabisa. Kinywa kile kile kinachomeza watoto wa wengine ndicho chumba salama kuliko vyote kwa watoto wake. Nilipowaeleza wanangu habari hii, binti yangu mdogo alikataa kuamini hadi nilipomwonesha picha.

Kosa, basi, lilikuwa wapi? Aliyeniuzia tangi aliniambia kuwa Mzee ni mpole, na hakusema uongo. Samaki aliye peke yake hana wa kumla. Aliyeniuzia wale wadogo hakuniuliza nina samaki gani nyumbani, nami sikumwambia. Samaki wengi wa mapambo huuzwa wangali vifaranga vya sentimeta nne au tano, na katika umri huo wote hufanana kwa upole. Mzee atakapokomaa anaweza kufikia sentimeta 25. Mbuna wengi huishia nusu ya hapo au chini yake. Swali ambalo mnunuzi hana budi kuliuliza dukani ni samaki huyu atakuwa mkubwa kiasi gani na kinywa chake kitaenea nini. Uzuri wake kila mtu anauona. Kwa kuwa kanuni ya majini, pamoja na tofauti zote za tabia, ni nyepesi mno: samaki mlanyama humjaribu kila anayeenea kinywani. Hata samaki wa dhahabu, ambaye kila mtu humdhania asiye na hatia, humeza mayai na vifaranga, vikiwemo vyake mwenyewe.

Wengine hudhani dawa ni kumshibisha mwindaji. Mzee alikuwa ameshiba. Kumshibisha hupunguza njaa, lakini hakuondoi maumbile. Na ziwani mdogo ana pa kukimbilia, nyufa za mawe na upana wa maji usio na mwisho. Tangi letu lilikuwa na urefu wa meta moja. Wengi wa samaki hawa huwinda mwanga unapokuwa hafifu, alfajiri na magharibi, wakati ambapo watu wa nyumba ama wamelala ama wako msikitini. Ndiyo maana mtu hukuta hesabu imepungua bila kuona tukio. Mtoto anayeamka mapema kuliko wote ndiye wa kwanza kugundua upungufu, na kwa akili yangu mbovu nilimfanya mgunduzi kuwa mshukiwa.

Wanangu walitaka Mzee aadhibiwe. Mmoja alipendekeza akaangwe, na kisheria hakukosea, kwani samaki ni halali. Lakini kumla kwa njaa ni jambo moja na kumwua kama mhalifu ni jingine. Mnyama hana taklifu. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kuwa madhara yanayofanywa na mnyama mwenyewe hayana fidia. Wanazuoni hawakuishia hapo, kwa sababu Sunna haikuishia hapo. Katika Muwatta ya Imam Malik na Sunan ya Abu Daud imo habari ya ngamia jike wa Al-Baraa bin Azib aliyeingia katika bustani ya watu akaharibu. Mtume (s.a.w.) hakumhukumu ngamia. Alihukumu kuwa wenye mabustani wana jukumu la kuyalinda mchana, na kwamba kinachoharibiwa na mifugo usiku ni juu ya wenye mifugo, kwa kuwa usiku wao ndio wanaopaswa kuifunga. Niliisoma habari hiyo kwa sauti. Ngamia wa usiku na samaki wa alfajiri wana mahakama moja, na aliyesimama kizimbani ni mfugaji.

Kufuga kwenyewe hakuna ubaya. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), alikuwa na kindege alichokichezea, na kilipokufa Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole na kumliwaza kwa kumwuliza habari zake. Mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii, Ibnul Qass, aliandika kijitabu kizima akitoa faida zaidi ya 60 kutokana na hadithi hiyo fupi, na miongoni mwa wanayoyapata wanazuoni humo ni ruhusa ya mtoto kufuga ndege. Lakini katika Sahihi hizo hizo imo pia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mbuna wangu sikuwanyima chakula. Niliwanyima kukimbia.

Hapa niwaseme kidogo vijana wetu. Wapo wanaonunua samaki wadogo kwa makusudi, wakawatumbukiza kwa mkubwa na kurekodi kwa simu, kisha wakasambaza na kucheka. Imepokewa kwa Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuchonganisha wanyama, na ijapokuwa isnadi yake imezungumzwa na baadhi ya wataalamu wa hadithi, maana yake inaungwa mkono na mafunzo mengi ya kuwahurumia viumbe. Mlanyama ana haki ya kulishwa nyama, na zipo chembechembe, dagaa na vipande vya samaki kwa kazi hiyo. Kufanya kufa kwa mdogo kuwa tamasha la sebuleni si ulishaji.

Wenye mabwawa huku kwetu watasema hayo yote wanayajua, na ni kweli, wanayajua kuliko sisi wa matangi ya kioo. Katika vijiji vya Njombe mabwawa ya perege si kitu kigeni, ijapokuwa baridi huchelewesha ukuaji na mfugaji wa huku hungoja mavuno kwa muda mrefu kuliko mwenziwe wa Pwani. Tatizo la perege ni kuzaana mapema na kwa wingi hadi bwawa likajaa vifaranga vinavyogombea chakula na kudumaa. Mojawapo ya dawa zinazofahamika ni kuingiza kambale wachache wale vifaranga hivyo. Hapo uwindaji ule ule uliokuwa msiba kwangu unakuwa mtumishi wa mfugaji. Siri ni vipimo na zamu: perege waliopandikizwa wawe wakubwa kiasi cha kutoenea kinywani, na kambale waingie wakiwa wadogo kuliko wao. Anayegeuza mpangilio huo, akatia kambale wakubwa penye vifaranga vya perege alivyovinunua kwa fedha yake, amewanunulia kambale futari.

Na kambale wenyewe hawaachani salama. Vifaranga vya kambale, ndugu wa tumbo moja, hutofautiana kukua. Baada ya majuma machache wachache huwatangulia wenzao, na wakubwa huanza kuwameza wadogo. Mfugaji asiyejua huona idadi ikipungua bila maiti, kama nilivyoona mimi, akamlaumu mlinzi au ndege. Anayejua huwachambua mara kwa mara kwa ukubwa, kila rika bwawa lake. Mfugaji huyo wa pili hahitaji kumtuhumu mtu.

Lipo tangi moja ambalo hakuna awezaye kulichambua, nalo ni Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alipandikizwa humo, samaki awezaye kufikia urefu wa meta mbili na uzito wa kilo 200. Mwenyeji wa ziwa alikuwa furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa ziwa hilo. Kwa muda mrefu mambo yalionekana shwari, kama miezi miwili ya Mzee. Katika miaka ya 1980 sangara wakafumuka kwa wingi, na furu wakatoweka wavuni. Wanasayansi wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 zilipotea, ingawa si kwa sangara peke yake. Kuchafuka kwa maji nako kulichangia. Siwezi kusema hapakuwa na faida. Viwanda vya minofu vya Mwanza na Musoma vimelisha familia nyingi, na huenda msomaji wa makala haya amesomeshwa na sangara. Lakini furu hawakuulizwa, na wale waliozoea kitoweo cha furu hawakuulizwa pia. Cha ajabu ni kwamba baadhi ya aina za furu zimeendelea kuishi katika matangi ya kioo ya watafiti na maonesho huko Ulaya na Marekani.

Habari hii ndiyo iliyonifanya nikatae pendekezo la jirani yangu mwema, aliyeshauri nimchukue Mzee nikamwachilie mtoni apate uhuru wake. Kwa mwenye huruma shauri hilo linavutia. Lakini tuuchukue Mto Ruhuji unaopita Njombe: maji yake hushuka hadi Kilombero na kuendelea hadi Rufiji, ilhali maji ya Ziwa Nyasa hutokea kwa Mto Shire na kuingia Zambezi. Ni nyumba mbili zisizoungana. Kumtupa samaki wa huku kule, au maji ya tangi yenye maradhi yasiyojulikana, ni kuwatendea samaki wa mtoni niliyowatendea mbuna. Huenda baridi ya Ruhuji ingemuua kabla hajadhuru chochote, lakini huo nao si uhuru.

Tulifanya kwanza lililowezekana siku ile ile. Fundi wa madirisha alitukatia kipande cha kioo, tukakisimamisha katikati ya tangi, tukaacha upenyo mwembamba pembeni maji yapite. Mbuna sita upande mmoja na mawe yote ya kujifichia, Mzee upande wa pili. Mwenye samaki wa namna hii asisubiri ashuhudie kama mimi. Idadi ikipungua mara mbili bila mzoga, na atenganishe usiku huo huo, hata kwa ndoo. Mwenye tangi lisilo na hita katika baridi yetu ni afadhali afuge samaki wa dhahabu peke yao, kwa kuwa wao huvumilia maji baridi, na asiwachanganye na hawa wa ziwani wanaotaka nyuzijoto kati ya 24 na 27.

Mzee hakuweza kukaa nyuma ya kioo milele. Nusu ya tangi letu haimtoshi samaki anayeelekea sentimeta 25. Rafiki yangu wa Njombe mjini ana tangi la lita 400 lenye samaki wakubwa watupu, na alikubali kumpokea. Jumamosi tulimtia katika ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, na pampu ndogo ya betri ikimvumia, tukaifunga ndoo kwa blanketi ili maji yasipoe. Nilimwuliza mpwa wangu kama angependa kufuatana nami; ningempeleka akamwone mama yake, na akitaka kubaki huko sitamzuia. Akasema atashika ndoo.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni takriban kilomita 60. Katika Kosta mama mmoja aliuliza kama ni perege wa kuuza. Kondakta alitaka ndoo iende nyuma pamoja na magunia ya viazi, mtoto akakataa kwa heshima, akaiweka juu ya mapaja yake hadi misitu ya misonobari ilipoanza na vioo vya gari vikafanya ukungu. Kila baada ya muda aliinua kona ya blanketi.

Kwa rafiki yangu hakumwachilia Mzee mara moja. Alikaa mbele ya lile tangi kubwa, akalizunguka, akachuchumaa kutazama nyuma ya mawe na chini ya mirija. Rafiki yangu alidhani mtoto anashangaa ukubwa wake.

"Baba," akamwuliza, "humu hakuna wadogo?"

Akahakikishiwa hakuna. Ndipo akainamisha ndoo.

Adhuhuri tuliswali, tukala kwa dada yangu, na mama na mwana wakazungumza faragha kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Jioni, stendi ya Njombe, dada yangu alitusindikiza hadi mlangoni mwa gari la Makambako. Mtoto alimbusu mkono, akapanda, akaketi dirishani na ndoo tupu juu ya mapaja yake.